Neno la Bwana Sugden

Ewart Sugden alisimama kwenye korido ya jengo la klabu, mkoba wa kriketi mkononi, asijue apande au ashuke. Kichwa kilimwambia panda. Miguu ilimwambia shuka. Miguu ndiyo iliyokuwa na mazoea, basi ikamshusha ngazi za mawe mpaka chumba cha chini, kile cha ubavuni mwa boila, akausukuma mlango kwa bega kama alivyousukuma tangu ujana wake.

Vicheko vikakatika. Vijana waliokuwa wakifunga kamba za viatu wakasimama. Mmoja akatumbukiza sigara yake ndani ya kikombe cha chai. Kwenye msumari wa zamani wa Ewart, wa tatu kutoka dirishani, lilikuwa linaning'inia koti la mtu mwingine.

Hedley Tranter peke yake hakusimama. Alikuwa ameketi chini ya msumari wa nne, suruali imepandishwa, akijichua magoti kwa ile dawa yake yenye harufu ya kuwatoa watu machozi.

"Umepotea njia, bwana?" akauliza.

Chumba kizima kikaangua kicheko. Ewart naye akacheka, lakini alichelewa, na kicheko cha kuchelewa hakimfichi mtu. Akasema alikuwa anatafuta kiatu. Kiatu gani, hakusema. Akageuka, akapanda juu.

Ulikuwa mwezi wa Mei, mwaka aliofariki Mfalme wa Uingereza, na Ewart alikuwa muungwana tangu wakati wa baridi tu. Tusicheke. Kwetu sisi uungwana ni vitendo, lakini kwenye kriketi ya Waingereza ulikuwa cheo. Aliyecheza kwa mapenzi, kwa kuwa baba yake alimwachia cha kula, aliitwa muungwana. Aliyelipwa mshahara aliitwa mchezaji, kana kwamba yule mwingine alikuwa anafanya kazi tofauti pale uwanjani. Muungwana aliitwa Bwana Fulani. Mchezaji aliitwa kwa jina la ukoo tupu, kama mtumishi. Muungwana alivalia juu kwenye zulia, mchezaji chini kwenye saruji. Walikula meza mbalimbali. Ulipofika wakati wa kuingia uwanjani, waungwana walitokea lango la katikati, mbele ya wanachama wenye kofia, na wachezaji walitokea kilango cha pembeni, karibu na choo. Halafu walikutana kwenye majani wakawa timu moja, wakiudaka mpira mmoja na kumlaumu mwamuzi mmoja. Walioyaanzisha mambo hayo walikuwa wameshalala makaburini zamani, na waliobaki hawakuona ajabu yoyote.

Nahodha, bila shaka, alikuwa lazima awe muungwana. Nahodha wao wa awali alikuwa muungwana wa kuzaliwa, lakini majira ya baridi alihamia Kenya kulima pareto. Kamati ikatafuta mwingine kaunti nzima. Wenye majina makubwa hawakujua kupiga mpira, na waliojua kupiga walikuwa na ofisi London. Ndipo Kanali Dent, mwenyekiti wa kamati, mtu mwenye masharubu ya kupigiwa pasi, alipomwita Ewart nyumbani kwake.

"Sugden," alisema, "nahodha lazima awe muungwana. Hilo halina mjadala. Lakini hakuna palipoandikwa kwamba lazima awe amezaliwa hivyo."

"Sijakuelewa, bwana."

"Tunakupa kazi ya katibu msaidizi wa klabu. Mshahara wako utakuwa wa kuandika barua. Kriketi utaicheza kwa mapenzi."

"Lakini mimi barua sijui kuandika, bwana."

"Nani kasema utaandika?"

Kanali akainuka, akampa mkono. "Karibu, Bwana Sugden."

Aliketi Sugden, akasimama Bwana Sugden. Ewart alirudi nyumbani chini ya mvua akijiuliza ni wapi hasa pale kwenye zulia alipobadilika, maana hakuhisi kitu. Alifurahi, tusimsingizie. Unahodha aliutamani siku nyingi, na mtoto wa msuka nyuzi wa kiwandani hatamani kitu cha namna hiyo kwa sauti. Mkewe Mavis alifurahi naye, kisha akauliza, "Na mimi sasa nitakaa wapi?"

"Kukaa wapi tena?"

"Siku za mechi, Ewart! Wake za wachezaji tunakaa kwenye lile benchi la karibu na rola ya kusawazishia uwanja. Nikikaa pale, mabibi wa juu watasema najishusha. Nikipanda juu, nitaongea nao nini mimi? Habari za farasi?"

Mavis akaamua kubaki nyumbani, yeye ambaye hakuwahi kukosa mechi hata alipokuwa mjamzito.

Basi ndivyo mambo yalivyokuwa. Ewart alikuwa popo: ndege wanamwambia nenda kwa wanyama, na wanyama wanamwonyesha ndege. Kwenye treni alikaa daraja la kwanza na mtu anayesoma gazeti. Vijana aliowafundisha yeye mwenyewe kushika gongo la kriketi walivua kofia alipopita. Hayo yote angeyazoea. Kilichomuuma ni Hedley.

Yeye na Hedley walizaliwa mitaa ya jirani. Hedley ndiye aliyemsimamia siku ya harusi. Misimu kumi na minne, ukiondoa ya vita, wao wawili ndio waliofungua mchezo wa kaunti, mmoja kwenye vijiti vilivyosimikwa upande huu na mwenzake kwenye vya upande wa pili. Wapigaji wengine huitana kwa makelele wanapotaka kukimbia kubadilishana pande: njoo, ngoja, rudi! Hawa wawili hawakuwahi kuitana. Jicho tu. Mmoja akimtazama mwenzake, wote wameshaondoka. Watu walilipa kiingilio kuja kutazama hilo peke yake.

Sasa Hedley alikuwa ameshavuka arobaini na magoti yake yalikuwa yanalia kama bawaba. Kamati ilitaka kumtoa. Ewart alibishana nao jioni nzima, mara ya kwanza na ya mwisho kuutumia unahodha wake kwa jambo alilolitaka kweli, na mwisho Kanali akasalimu amri nusu.

"Mechi hii moja. Akifikisha mikimbio hamsini, abaki mpaka mwisho wa msimu. Asipofikisha, tutamshukuru na kumpa saa ya ukutani."

Habari hiyo ilishuka ngazi kabla ya Ewart. Asubuhi ile, alipokuwa anajichua magoti, Hedley aliijua yote. Ewart naye alijua kwamba anaijua, na aliitaka hamsini ya Hedley kuliko alivyowahi kutaka yoyote ya kwake.

Saa ya kuingia ilipofika, Ewart akatokea lango la katikati. Wanachama wakapiga makofi. Mbali, pembeni, akamwona Hedley akifungua kilango chake kwa goti. Miaka yote walikuwa wametoka pamoja wakipigana vikumbo. Leo walitembea kila mmoja kivyake kwenye uwanja mpana, na Ewart hakujua apunguze mwendo amsubiri au aendelee. Akapunguza. Hedley naye akapunguza. Wakafika katikati kama watu wawili wanaodaiana salamu.

"Habari za asubuhi, bwana," Hedley akasema.

"Acha hizo, Hedley."

"Nimekosea? Basi nisamehe, bwana mkubwa."

Mwanzoni mambo yalikwenda. Hedley alipiga mipira mirefu iliyofika kambani, ukingoni mwa uwanja, na mpira wa kambani hauhitaji mtu kukimbia. Lakini ulipokuja mpira wa kwanza mfupi, Ewart aliupiga, akainua macho, akamkuta Hedley amesimama wima akimtazama mdomoni. Si machoni. Mdomoni. Ewart akasita, akarudi kwenye mstari wake, na nusura atoke, yaani vijiti viangushwe kabla hajafika.

Walipokutana katikati akamnong'oneza, "Vipi? Ile ilikuwa ya wazi kabisa!"

"Nilikuwa nasubiri uite."

"Lini mimi nikakuita?"

"Nikikutazama sasa namwona nahodha," Hedley akasema, huku akigonga gonga majani kwa gongo lake. "Nahodha hutoa amri. Sitaki waseme Tranter kamtoa nahodha wake kwa kiherehere."

"Nani atasema?"

"Walioko juu watasema. Wa chini nao watasema. Wewe uko wapi kwani, usiyasikie?"

Ewart mwenyewe hakujua alipo. Akajaribu kuita. Sauti ilitoka nyembamba na ya kigeni, na Hedley akakimbia kwa utiifu, hatua moja nyuma ya wakati. Akajaribu kurudi kwenye jicho. Hapo Hedley hakukimbia kabisa. Watazamaji wa upande wa benchi wakaanza kupiga miluzi. "Mpelekeeni barua ya mwaliko!" mmoja akapaza sauti, na Ewart hakuelewa anayetaniwa ni nani kati yao wawili.

Wakati wa chakula cha mchana aliketi karibu na Kanali, aliyemsimulia habari za samaki aliowahi kuwakosa. Meza ya juu walikuwa na siagi. Meza ya chini walikuwa na majarini. Kwa mbali alimwona Hedley akimwigiza mtu fulani, kidevu juu, na vijana wakijishika mbavu. Ewart akatazama kidevu chake kwenye kijiko.

Baada ya chakula Hedley akafika thelathini, akafika arobaini. Akiwa na arobaini na tatu, jambo likatokea.

Ewart aliupiga mpira kidogo tu, upande wa kulia. Akainua macho. Na safari hii aliliona: jicho lile lile la zamani, la Hedley wa mtaa wa jirani. Au alidhani ameliona. Hakuita. Akaondoka mbio kama mshale, moyo wake umejaa furaha, akitazama mbele tu.

Hedley hakuondoka. Alikuwa amesimama nyuma ya mstari wake, akingoja kuitwa.

Ewart akaja mpaka karibu yake kabisa, na hapo ndipo wote wawili walipoelewa. Wapigaji wawili upande mmoja, upande wa pili vijiti havina mwenyewe, na mpira uko njiani. Sheria ni nyepesi. Wakiwa hawajapishana, anayetoka ni Ewart, aliyekimbia. Wakiwa wamepishana, anayetoka ni Hedley, anayekwenda huko vinakoangushwa vijiti. Na mila nayo ni nyepesi: mchezaji hujitoa kafara kwa ajili ya muungwana. Kwa hiyo Hedley Tranter, mwenye magoti mabovu, aliyebakiza mikimbio saba tu aipate riziki yake, aliuacha mstari wake akakimbia kuelekea kule ambako angetolewa.

Mlinda wiketi, yule anayesimama nyuma ya vijiti, aliudaka mpira, ukamponyoka, akaudaka tena, akaviangusha vijiti.

Walipishana kabla ya vijiti kuanguka, au baada? Ewart alikumbuka bega la Hedley likipita. Alikumbuka harufu ya dawa. Alikumbuka sauti ya vijiti. Lakini kipi kilitangulia, kipi kikafuata, angeapa kwa lolote hakujua.

Mzee Pym, mwamuzi, alikuwa amevikodolea vijiti macho. Mwamuzi mwenzake alikuwa ameruka pembeni kuukwepa mpira, akakiri hakuona. Pym alikuwa mchezaji zamani, alivalia kwenye saruji ile ile. Akaja mpaka kwa Ewart, akavua kofia.

"Bwana Sugden, mlikuwa mmeshapishana?"

"Tulipishana," akajibu Hedley kwa sauti. Alikuwa ameshaanza kutembea kuelekea kilango cha pembeni, gongo kwapani. "Nimetoka mimi, Pym."

Pym hakugeuza hata shingo. "Bwana Sugden?" akauliza tena.

Ewart alitaka kusema sijui, maana ndio uliokuwa ukweli. Lakini nahodha asiyejua ni nahodha gani? Akamtazama Hedley akichechemea. Akaiona kichwani ile saa ya ukutani ya Kanali.

"Hatukupishana," akasema.

"Basi umetoka wewe, bwana," Pym akasema, akavaa kofia. Neno la muungwana halipimwi kwa mizani.

Hedley alikuwa amesimama njiani, kageuka, uso umekunjamana. Hakurudi. Watu wote walikuwa wanatazama, Pym anangoja, Kanali huko juu ameinuka kwenye kiti chake, na Ewart akapaza sauti ili jambo liishe.

"Rudi, Tranter!"

Alisikia neno likishamtoka. Tranter. Tangu wakiwa watoto wanaoiba matofaa hakuwahi kumwita hivyo. Hedley alisimama kidogo, kisha akarudi mahali pake, kama mchezaji anavyorudi anapoamriwa.

Lango la katikati lilikuwa limejaa makofi. Wanachama walisimama. Kanali alimshika Ewart begani, macho yamemlowa. "Hicho ndicho tunachokiita uungwana, Bwana Sugden," akasema. "Haufundishwi huo. Mtu anao au hana." Ewart akashukuru. Akapanda juu, akaketi peke yake dirishani bila kuvua viatu, akijaribu kujua kama amesema uongo. Mtu akisema asichokijua, kikatokea kuwa kweli, ni mkweli? Na kikiwa si kweli, lakini amekisema kwa ajili ya rafiki? Kila alipoushika uzi mmoja, mwingine ulikuwa umeshajifunga.

Hedley akafika hamsini. Watu wakampigia makofi. Kwa kawaida mpigaji huinua gongo kuwashukuru, na Hedley alikuwa na namna yake ya kuliinua, kama mtu anayening'iniza kofia. Hakuliinua. Aliendelea kupiga kwa hasira mpaka sabini na moja, akatoka, akapita kilango chake bila kutazama juu.

Jua lilikuwa bado liko kwenye paa za kiwanda mlango ulipobishwa.

"Ingia," Ewart akasema. Hakuingia mtu. Ukabishwa tena.

Alikuwa Hedley, Hedley aliyezoea kuingia nyumbani kwa Ewart kupitia jikoni na kufunua sufuria kabla ya kusalimia.

"Ingia basi."

"Hapa panatosha, bwana." Alisimama nje kidogo ya pale zulia lilipoanzia, ameshavaa koti lake la kwendea nyumbani.

"Hongera. Sabini na moja, tena za maana."

"Arobaini na tatu," Hedley akasema. "Nilitoka kwenye arobaini na tatu. Tulipishana."

"Sikuona. Nakuapia, Hedley, sikuona."

"Najua hukuona. Mimi niliona. Nilikuwa nakutazama wewe. Bega langu lilishapita la kwako ndipo vijiti vikalia."

"Pym aliniuliza mimi! Ningesemaje?"

"Na mimi nilimjibu, tena kwa sauti. Umewahi kunisikia nikidanganya uwanjani?"

"Hata siku moja."

"Basi. Nimesema ninachokijua, kimekuwa upepo. Wewe umesema usichokijua, kimekuwa Biblia." Akakuna shingo. "Mwaka jana Pym angetuuliza wote wawili. Tungebishana kidogo, angenitoa, ningekuja kukutukana bafuni, mambo yameisha."

"Nilitaka ubaki."

"Najua. Ndiyo maana sijakutia ngumi." Nusura acheke. Kisha akasema, "Nimetoka kwa Kanali sasa hivi. Nimemwambia naacha. Na hiyo saa yao wamtundikie mwingine."

Ewart akainuka. "Huwezi! Umefikisha hamsini. Nafasi ni yako."

"Ni yako, bwana. Wewe ndiye uliyenipa. Kila nikikimbia nitakuwa naibeba mgongoni, na magoti yenyewe ndiyo haya."

"Lile neno, Hedley. Nilivyokuita."

"Nililisikia."

"Lilinitoka tu."

"Ndivyo yanavyotoka."

Kutoka chini ilipanda sauti ya vijana wakigombania maji ya moto. Ewart alitazama zulia, akamtazama Hedley, na kitu pekee alichokiona kichwani mwake kilikuwa uwanja mpana na upande wa pili hakuna mtu.

"Sasa mimi nitakimbia na nani?" akauliza.

"Ita tu, bwana. Ita kwa sauti. Vijana watakimbia."

Hedley akagusa ukingo wa kofia yake, kama mtu anavyomuaga muungwana, akashuka. Alishuka polepole, ngazi moja moja, kwa yale magoti, na Ewart alimsikia mpaka chini. Kisha akaisikia korido, kisha mlango mkubwa. Akakimbilia dirishani. Hedley alikuwa anavuka ua, hajafika mbali, angesikia bila shida. Ewart akafungua kinywa kumwita, na hakujua amwite nani.